Upande wa Chini wa Godoro

Saa tisa alasiri nesi angekuja kuchukua godoro lake, na saa kumi Njiti angepanda gari na kwenda zake. Tangu kulipokucha Kadogo alikuwa akiizungusha habari hiyo kichwani, na kila alipoizungusha ilitua palepale. Akiondoka na Njiti, anamwacha baba yake peke yake. Akibaki na baba yake, anampoteza Njiti. Alitafuta njia ya tatu hadi kichwa kikamuuma, na njia ya tatu hakuiona.

Karakana yao ya magodoro ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye milango miwili, mmoja wa barabarani na mmoja wa uani. Karibu na mlango wa barabarani aliketi Shangazi na cherehani yake, akishona vitambaa vya magodoro na foronya za mito. Katikati palikuwa na lundo la pamba. Nyuma kabisa, chini ya dirisha, ilisimama fremu ya mbao yenye miguu minne, juu yake zimepitishwa kamba, na juu ya kamba limelazwa godoro linaloshonwa. Kazi ya fremu ilitaka watu wawili. Mmoja husimama juu na kulichoma godoro kwa sindano ndefu yenye ncha mbili. Mwingine hukaa chini, gizani, akaipokea ncha kwa vidole, akaivalisha kipande kidogo cha ngozi na kuirudisha juu. Wa juu anavuta uzi, anakaza fundo, godoro linaingia kishimo, na pamba haihami tena.

Kadogo alianza kukaa chini akiwa na miaka tisa. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliitengeneza fremu hiyo kwa kimo chake, akamwekea na kigoda. Ndipo alipopewa jina la Kadogo, na jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, amemzidi Shangazi kimo, mwili umekaa sawasawa hata wateja wakimwona barabarani hugeuka mara mbili, na bado kila asubuhi aliingia chini ya fremu ileile amekunja shingo kama kuku aliyelala. Jioni alitoka huko akitembea upande. Hakuna aliyesema fremu iongezwe miguu. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema, na hilo ndilo lililokuwa likimshangaza siku hizi.

Njiti naye aliletwa na mjomba wake akiwa na miaka kumi na minne, mwembamba kiasi kwamba Shangazi aliuliza kama huyu ameletwa kujifunza kazi au kuwashia jiko. Jina hilo halikubadilika hata mabega yalipotanuka. Kwa miaka kumi yeye alikuwa juu na Kadogo chini. Waligombana kuhusu uzi, wakanuniana kuhusu andazi la mwisho, wakachekana. Kisha siku moja mwaka uliopita Njiti aliinama kuchungulia chini ya fremu, amuulize kama amechoka. Macho yao yakakutana. Swali likapotea, jibu likapotea, na tangu siku hiyo Kadogo akawa anachana nywele kabla ya kuingia mahali ambapo hakuna anayemwona.

Ijumaa iliyopita Njiti alivaa shati safi na kumwendea Fundi kumposa. Fundi hakumwacha amalize.

"Kadogo ni mtoto," alisema. "Na wewe umekua humu ndani kama kaka yake. Maliza godoro la nesi, kisha funga mzigo wako."

Basi leo ndiyo siku ya godoro la nesi.

Cherehani ilipolia, waliongea. Iliponyamaza, wakanyamaza.

"Umeshafikiri?" Njiti aliuliza kutoka juu. Sauti yake ilipita kwenye pamba ikamfikia Kadogo ikiwa nzito na ya karibu, kana kwamba anamwongelesha sikioni.

"Nafikiri."

"Tangu Ijumaa unafikiri."

"Wewe ulifikiri siku ngapi?"

"Mimi nilimaliza kufikiri mwaka jana."

Ncha ya sindano ikashuka. Kadogo aliipapasa, akaivalisha ngozi, akairudisha. Alipima kwa mkono kutoka kishimo kilichotangulia: shibiri moja na vidole viwili, kama kawaida. Kwa miaka yote hiyo Njiti hakuwahi kukosea hata upana wa kidole.

"Kiwanda cha viti vya magari wananisubiri kesho asubuhi," Njiti aliendelea. "Nisipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine. Utakaa kwa dada yangu mpaka tufunge ndoa. Ameshakutandikia kitanda. Siendi kukuficha mahali, Kadogo. Nakwenda kukuoa mchana kweupe."

"Na baba?"

"Baba yako tutamwandikia."

"Atasomaje?"

Hilo ndilo jambo ambalo wote watatu, yaani wao wawili na Shangazi, walilijua na hawakulitamka. Macho ya Fundi yalikuwa yanazimika. Alijua njia ya kutoka chumbani hadi kwenye kiti chake cha mlangoni, alijua kikombe chake kinapowekwa, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba amewadanganya. Siku hizi alisema amechoka kushona, kwamba vijana washone, yeye asimamie. Wakamwacha asimamie.

"Ongea naye basi," Njiti alisema taratibu. "Mwambie wewe mwenyewe."

"Nilimwambia jana. Nikasema, baba, nataka tuongee habari yangu. Akanigusa kichwa, akaniambia nikalale mapema. Nikamwangalia. Njiti, nilikuwa kama nimemwomba peremende."

Njiti akainama. Uso wake ukatokeza pembeni ya fremu ukiwa kichwa chini, nyuzi za pamba kwenye nyusi, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala siku tatu. Alimtazama Kadogo kwa muda mrefu, na Kadogo akatazama shingo yake, kovu la sindano kidevuni, midomo ile ambayo hajawahi kuigusa. Akafikiri kwamba kesho wakati kama huu uso huo utakuwa mji mwingine, unamwinamia mtu mwingine.

"Siwezi kuishi kwa barua," Njiti akanong'ona. "Niambie leo. Ndiyo au hapana. Hata ikiwa hapana, nitaibeba. Ila usiniache nipande gari na swali."

Cherehani ikanyamaza. Uso ukapotea.

"Naona huko nyuma kimya kimezidi," Shangazi akapaza sauti. "Au mmemeza pamba?"

"Tunashona, Shangazi."

"Shoneni. Na wewe Kadogo, hayo unayoyafikiria najua unayafikiria. Mtu aliyekuona ukitokwa na makamasi hakuoi huyo. Atakuja kucheka siku ya harusi mbele ya wageni."

Ungekuwa mwaka mwingine, Kadogo angecheka. Leo machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja chenye vumbi la pamba, yakazidi. Shangazi alikuwa mtu mwema na hakuwa na ubaya na Njiti hata chembe. Alimlea Kadogo tangu mama yake alipofariki. Lakini kwake pia dunia ilikuwa na watoto wawili wa nyumba hii, na watoto hao hawakuwa na ruhusa ya kukua.

Cherehani ikaanza tena. Kadogo alifumba macho. Alijiona akiwa na miaka thelathini, shingo imekunjwa, anapokea ncha ya sindano ya fundi mgeni. Alijiona ana arobaini na bado anaambiwa akalale mapema. Alitaka kupiga kelele, alitaka mtu amwambie la kufanya, kama alivyozoea kuambiwa. Juu alisikia nyayo, mbao ikalia, kisha nyayo nyingine. Hakuzijali. Cherehani ikanyamaza, na safari hii hakungoja ilie. Alipiga moyo konde.

"Njiti," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekubali. Saa kumi nakwenda na wewe. Begi langu liko chini ya kitanda cha Shangazi tangu jana, nilikuwa najidanganya tu kwamba nafikiri. Usimwambie baba. Akiniuliza nitashindwa, najijua. Nitaacha barua, na Shangazi atamsomea, maana yeye hawezi. Macho yake yamekwisha na anadhani hatujui." Alivuta pumzi. "Nampenda baba. Nampenda mpaka naumwa. Lakini nikibaki hapa nitazeeka nikiwa mtoto."

Alisubiri ncha ya sindano. Ilichelewa, na ilipokuja haikuja mahali pake. Ilitokeza mbali, karibu imchome shavuni. Akapima kwa mkono. Shibiri moja, vidole viwili, na vingine vinne vya ziada.

"Baba?"

"Rudisha sindano," alisema Fundi. "Mwenyewe anakuja saa tisa."

Kadogo aliirudisha. Kipande cha ngozi kikamwanguka, akakipapasa sakafuni asikione, akachukua kingine.

"Njiti yuko wapi?"

"Amemsaidia shangazi yako kupeleka mito, ile nyumba ya pili kutoka kona. Nikasema kazi isilale."

"Baba, umesikia."

"Kilichoharibika ni macho. Masikio hayana tatizo."

Kadogo akataka kutoka. Aliinua kichwa, kikagonga mbao, akashika ukingo wa fremu.

"Kaa hukohuko," Fundi akasema upesi. "Tafadhali. Kaa hukohuko tuongee hivihivi. Ukisimama mbele yangu sitaweza."

Hakuwahi kumsikia baba yake akisema tafadhali. Akarudi kwenye kigoda.

"Tangu lini mnajua?"

"Tangu ulipomkatia yule mwalimu kitambaa cha maua. Maua yalisimama kichwa chini."

"Mwalimu alisema amekipenda."

"Njiti alimwomba aseme hivyo. Tukamkatia kingine ulipokwenda kunywa chai."

Alimsikia Fundi akivuta pumzi na kuishusha. "Kwa hiyo hata Njiti."

"Njiti ndiye anayekuchorea mistari minene ya chaki. Ndiye anayegonga mlango akiingia, ujue ni nani."

"Nilidhani ana adabu tu."

"Adabu pia anayo."

Fundi akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. Kisha akasema mambo ambayo, baadaye, Kadogo angeyakumbuka neno kwa neno. Alisema alikwenda hospitali mara tatu bila kumwambia mtu, akidai anakwenda kununua nyuzi. Daktari alimwambia mshipa wa jicho unakufa, hakuna cha kupasua na hakuna miwani.

"Sasa unaona kiasi gani?" Kadogo aliuliza.

"Mlango nauona. Mtu akisimama mlangoni, naona ni mtu. Sura sioni."

"Yangu?"

"Yako naijua. Yaani, ile ninayoijua ni ya zamani kidogo. Ulikuwa na miaka kumi na minne hivi. Ulikuwa na pengo, hapa pembeni, umeanguka na baiskeli. Baada ya pale kila kitu kikaanza kuwa ukungu. Nikikuita nakuona yule. Njiti aliponiambia anakutaka, Mungu anisamehe, nilimwona yule mwenye pengo. Nilitaka kumpiga."

Kadogo alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Miaka mitano alikuwa amekasirika kwamba baba hamwangalii. Alikuwa amevaa vizuri, amesuka nywele, amesimama mbele yake na magauni ya mtu mzima, akisubiri aone. Kumbe baba alikuwa anatazama kwa nguvu zake zote, na haoni.

"Lakini nisikudanganye," Fundi aliendelea. "Sauti yako naisikia. Nyayo zako nazisikia. Najua umekua. Nilisema wewe mtoto kwa sababu mtoto haposwi, na mtoto haondoki nyumbani. Nikamfukuza yule kijana nikijua hana kosa. Nilisema moyoni, akiondoka mmoja nitabaki na mmoja. Mkiondoka wote, mimi ni fundi wa nini? Mzee anayekaa mlangoni, watu wakipita wanamsalimia kwa huruma."

"Baba."

"Usinitoroke, Kadogo. Ukitaka kwenda, nenda, ila nenda nikikusikia. Usiniachie karatasi." Mbao ya fremu ililia; alikuwa ameegemea kwa uzito wake wote. "Nifanye nini? Niambie. Nifanye nini mimi?"

Kadogo alingoja. Alikuwa amezoea kwamba swali kama hilo likiulizwa katika nyumba hii kuna mtu mzima atakayelijibu. Aliisikia saa ya ukutani. Alisikia watu wakipita barabarani. Aliendelea kungoja, na hakuna aliyejibu, na polepole, kwa uchungu ambao hakuwahi kuufikiria, akaelewa kwamba aliyekuwa anaulizwa ni yeye.

Akatambaa akatoka chini ya fremu. Alisimama, akanyoosha mgongo hadi ukalia, akamwona baba yake ameshika sindano kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshikilie. Uso wake ulikuwa umelowa. Hakujua la kuuambia uso huo. Alimfuta kwa upande wa kanga yake, akampangusa na pua, na Fundi akakubali kupanguswa.

"Sijui, baba," alisema. "Lakini sitoroki."

Njiti aliingia kwa mlango wa uani, akagonga kwanza kama kawaida yake. Aliwaona wamesimama pamoja, akaiona sindano mikononi mwa Fundi, akamtazama Kadogo, na kwa jinsi Kadogo alivyomtazama akajua kwamba siri imekwisha.

"Fundi, niachie nimalizie," alisema.

"Ngoja," Kadogo akasema. "Njoo uani kwanza."

Uani palikuwa na kamba ya nguo, ndoo mbili, na mkoba wa Njiti umeegemezwa ukutani, umefungwa tayari. Jua lilikuwa kali. Walisimama penye kivuli chembamba cha ukuta, wamekaribiana hata Kadogo akasikia harufu ya sabuni na pamba kwenye shati lake. Siku yoyote nyingine angekosa pumzi kwa raha. Leo alikosa pumzi tu.

"Nilikujibu," alianza. "Ulipokuwa nje. Nilidhani uko juu, kumbe ni yeye."

"Ulijibu nini?"

"Nilikubali."

Uso wa Njiti ukafunguka wote. Alinyoosha mkono kumshika, na Kadogo akaudaka mkono huo kabla haujafika, akaushika kwa nguvu.

"Nilikubali kwenda na wewe kwa kutoroka. Sasa nakwambia tena, mchana, nikikuangalia. Nakupenda. Nataka uwe mume wangu, simtaki mwingine. Lakini leo siendi."

"Kadogo."

"Haoni, Njiti. Ameniomba nimwambie afanye nini. Baba yangu ameniuliza mimi."

"Kwa hiyo umemchagua yeye."

"Nimekuchagua wewe. Ila kutoroka ni mambo ya watoto. Nikitoka hapa nataka nitoke kwa mlango wa mbele, yeye akijua kushona na mtu mwingine. Nikitoka leo nitakuwa kwako mwili tu, masikio yatabaki hapa."

Njiti aliuvuta mkono wake. Alikwenda hadi kwenye ndoo, akarudi. "Mimi nimekaa humu miaka kumi," alisema. "Nimekula matusi, nimekula andazi la jana, nimelala juu ya pamba na mafua hayaishi, na sikuondoka. Unafikiri nilikaa kwa sababu ya magodoro? Sasa niondoke peke yangu. Kwa muda gani? Miezi mingapi?"

"Sijui."

"Sema hata uongo."

"Uongo nimeuacha leo."

Njiti alicheka, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. "Na nikichoka kusubiri?"

Hilo ndilo swali Kadogo alilokuwa akiliogopa. Aliona kila kitu kilichokuwa ndani yake: msichana mwingine, nyumba nyingine, miaka ikipita, habari ya harusi kuletwa na mpita njia. Alitaka kumwambia ngoja, ngoja nichukue begi, nilikuwa natania. Maneno hayo yalifika kabisa kwenye meno.

"Utakuwa umechoka," alisema. "Nitalia, lakini sitakulaumu."

Njiti akamshika uso kwa viganja viwili vigumu vya fundi. Akaweka paji lake juu ya paji la Kadogo, wakasimama hivyo wanavuta pumzi moja. Hakumbusu. Labda aliona kwamba akimbusu hataondoka. Kisha akamwachia, akachukua mkoba.

Ndani, Fundi alikuwa palepale walipomwacha. Njiti alimwendea, akampa mkono, na Fundi akaushika muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

"Nilikukosea," Fundi alisema.

"Yameisha, Fundi. Mimi nikipata nafasi, nitarudi kukuomba tena."

"Usije kuniomba mimi. Ile Ijumaa ulikosea mlango na mimi sikukuelekeza. Muulize mwenyewe."

"Nimeshamuuliza."

"Akasemaje?"

Njiti alimtazama Kadogo. Alimpita Shangazi, ambaye alikuwa amerudi na kusimama kando ya cherehani yake bila utani hata mmoja mdomoni, akatoka kwa mlango wa barabarani. Kadogo alihesabu hatua zake kwenye kokoto hadi zikachanganyika na za watu wengine. Alitegemea kwamba atageuka. Hakugeuka, au kama aligeuka, hakuna aliyekuwa mlangoni kumwona.

Maumivu yalikuja kama alivyojua yangekuja. Alishika ukingo wa fremu na kuinamisha kichwa, na kwa muda hapakuwa na kitu duniani isipokuwa godoro la nesi lenye safu mbili ambazo hazijashonwa. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Ameondoka?" Fundi aliuliza.

"Ameondoka."

"Utamfuata?"

"Nitamfuata, baba. Si leo, lakini nitamfuata. Nisingependa tudanganyane tena."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. "Sasa nani atakaa juu?"

"Mimi."

"Na chini?"

"Wewe."

Shangazi alishika kifua. Fundi aligeuza uso kuelekea kwenye sauti ya binti yake, na Kadogo aliona hasira ikipanda usoni pake, ile hasira ya zamani iliyokuwa ikimnyamazisha. Akaiacha ipande. Hakukwepa.

"Hapo ni mahali pa watoto," Fundi alisema.

"Najua. Nimekaa miaka kumi. Huko chini hakuna anayeona, baba. Wote tunapapasa. Hakuna kazi nyingine katika karakana hii unayoweza kuifanya kama mtu mwenye macho."

Saa ya ukutani iliendelea. Fundi alisimama akiwaza, mikono imeshika sindano, kisha akaitoa mbele yake na Kadogo akaipokea. Alivua viatu, akavipanga pembeni kama mtu anayeingia chumbani kwa wenyewe. Akapiga goti, likalia. Akapiga la pili. Kigoda hakikumfaa, akakisukuma na kukaa sakafuni, na alipoingiza kichwa aligonga mbao mahali palepale ambapo Kadogo hugonga.

"Mungu wangu," alinong'ona kutoka chini. "Kumbe ni pabana hivi."

Kutoka juu Kadogo aliliona godoro zima kwa mara ya kwanza, safu baada ya safu, vishimo vyote vya Njiti vimenyooka, na kimoja cha baba yake kimetoka nje ya mstari. Machozi yalidondoka kwenye kitambaa yakafanya madoa, akayaacha. Aliweka ncha kwenye alama ya chaki, akasukuma kwa kiganja kama alivyomwona Njiti akifanya, na sindano ikazama kwenye pamba hadi mwisho.

Ilikaa huko. Alisikia vidole vikitambaa kwenye kitambaa upande wa pili, vinatafuta, vinapotea, vinatafuta tena. Alitamani kuinama amwonyeshe. Akabana mikono ubavuni, akangoja, hadi ncha ikapanda polepole na kutokeza.

"Nimepata?" Fundi akauliza.

Kadogo akapima kwa mkono. Ilikuwa imepanda kando, vidole vitatu vizima.

"Umekosea kidogo," alisema, na sauti ilikuwa yake ingawa haikuwa ile aliyoizoea. "Rudia, baba."

Fundi akarudia.